Ardis na Bwawa la Nordahl

Nordahl, Wisconsin
3 Desemba 1997

Kaka Orlin mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatangaza hali ya hewa kabla ya redio. Nyumba yako nayo nzima. Kila Jumatatu nakwenda kufungulia maji kidogo ili mabomba yasigande, na hita nimeiweka chini kabisa, kwa hiyo usije ukanisingizia kwamba nakumalizia mafuta. Paka wako amehamia kwangu bila kuniuliza. Halvor Lien wa ng'ambo ya barabara anakusalimu, na anauliza kama ni kweli huko Arizona mnatembea na kaptula mwezi wa Desemba au ulikuwa unamtania.

Sasa jambo lenyewe, na ukae chini kwanza.

Unakumbuka Agosti, ulivyopiga meza yangu kwa ngumi hadi kahawa ikamwagika? Ulisema bodi ya shule inatukamua wazee kama ng'ombe. Ulisema watu waliofikiria kujenga bwawa la kuogelea la ndani, kwa kodi za nyumba zetu, wapimwe akili. Ukasema laiti angegombea mtu mmoja tu anayejua bei ya kiazi. Halafu ukanitazama, na mimi nikajifanya nafuta kahawa.

Basi jana nimekwenda kwa Delmar Boyce, karani wa shule, nikachukua fomu. Nagombea kiti kwenye bodi. Uchaguzi ni tarehe saba Aprili, na wewe utakuwa bado unaota jua, kwa hiyo mwandikie Delmar mapema akutumie karatasi ya kura kwa posta. Usicheleweshe kama unavyochelewesha kila kitu. Kura yako ndiyo ya kwanza ninayoihesabu, kwa sababu wewe ndiye uliyenitia katika balaa hili.

Ningekupigia simu, lakini bei ya simu ya mbali unaijua, na masikio yako nayajua.

Dadako,
Ardis

---

Mesa, Arizona
20 Desemba 1997

Mdogo wangu Ardis,

Hujambo? Mimi sijambo, nalishukuru jua. Mwambie Halvor kaptula navaa kweli, na akitaka picha nitampelekea, mradi asiitazame kabla ya kula.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nikamsomea Bud, jirani yangu hapa kwenye uwanja wa matrela tunamoishi. Bud ni mzee wa Iowa, ameendesha lori maisha yake yote kama mimi nilivyoendesha la maziwa. Alicheka mpaka akatoa meno yake ya bandia ili acheke vizuri.

Lakini mimi sikucheka. Nilisema kweli, wapate wapi mtu kama huyu? Nani mwingine Nordahl anayeosha karatasi ya foili na kuianika kwenye kamba? Nani anayetumia kifuko kimoja cha chai asubuhi, mchana na jioni, halafu anakipeleka kwenye maua? Miaka thelathini na moja umepika jikoni mwa shule ile, na sijawahi kusikia kwamba kiazi kilitupwa. Mkono wako wa birika ni maarufu kuliko kanisa letu. Waandike hivyo kwenye mabango: CHAGUA ARDIS, HATOI KITU.

Huku tunakula machungwa tunayoyachuma wenyewe mtini. Sikuambii ili uone wivu. Nakuambia ili uone wivu sana.

Msalimie paka. Krismasi njema, na ukila lefse, ile mikate yetu ya viazi, ongeza siagi mbili, moja yako na moja yangu.

Kaka yako,
Orlin

---

Nordahl
11 Januari 1998

Kaka Orlin,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imefika dirishani. Krismasi tulikula kwenye chumba cha chini cha kanisa, watu thelathini, na utafurahi ukisikia kwamba hakuna kilichobadilika: kipande cha mwisho cha keki ya lozi kilikaa sahanini tangu saa saba mchana hadi tunafunga mlango. Kila mmoja anasema, "Hapana, kula wewe." "La, mimi nimeshiba, kula wewe." Marlys Kopp alinisukumia sahani, nikamsukumia, akanisukumia. Mwisho kilikauka kama ubao, nikamletea paka wako. Mama angetusifu sote.

Huyo Marlys ndiye mpinzani wangu. Ndiyo, Marlys yule yule ninayekaa naye benchi moja kanisani tangu mwaka wa sitini na moja. Kiti ni chake kwa miaka tisa, na bwawa ni wazo lake. Hatujagombana. Juzi ameniletea bakuli la viazi na nyama kwa sababu alisikia goti linaniuma, na mimi nikamrudishia bakuli likiwa na mabango yangu mawili ndani, apeleke kwa jamaa zake. Aliyapeleka!

Lakini utani kando. Halvor ana ekari arobaini na pensheni ya kununua mikate. Amenionyesha hesabu yake: bwawa likipita, kodi itamlazimisha auze ekari ishirini kabla hajafa. Mimi sina ekari, nina nyumba tu, na kusema kweli sijui kama na mimi nitabaki nayo. Nimekaa humu miaka arobaini na miwili. Sitaki kuondoka kwa ajili ya bwawa.

Hukunijibu kuhusu karatasi ya kura. Umemwandikia Delmar?

Ardis

---

Mesa
22 Februari 1998

Mheshimiwa Mtarajiwa,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, halafu Bud alikuwa na mafua, halafu kulikuwa na mashindano ya karata. Tumeshika nafasi ya pili. Bud anasema ningetazama karata badala ya kumtazama mama wa meza ya tatu tungeshinda, lakini Bud ni mwongo.

Humu ndani nimetia dola ishirini za mabango. Usizitie kwenye kopo lako la kahawa! Ni za mabango.

Ushauri wangu wa bure: kwenye mdahalo usijieleze sana. Wewe ukianza kueleza unafika hadi mwaka wa hamsini na mbili na bei ya unga. Sema ziwa tunalo. Watu wanapenda kukumbushwa vitu vya bure.

Ile habari ya karatasi, usijali. Mambo ya posta huku ni ya polepole.

Cactus, ule mti wa miiba mbele ya trela langu, imetoa ua.

Orlin

---

Nordahl
15 Machi 1998

Kaka,

Nimefurahi kwa ajili ya cactus.

Mdahalo umepita. Tulikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, viti mia mbili, na kahawa niliichemsha mimi mwenyewe kwa sababu sikuamini wengine wataipima vizuri. Marlys alisimama, amependeza, nywele zimetengenezwa. Akasema, "Ardis, mpenzi wangu, unataka watoto wetu wakue bila kujua kuogelea?"

Nikasema, "Marlys, ziwa liko maili mbili, na tangu nizaliwe halijaniletea bili."

Ukumbi ukacheka. Yeye naye akacheka, halafu akasema, "Lakini miezi mitano limeganda!"

"Basi wajifunze hiyo saba iliyobaki."

Kama ulivyosema, watu walipenda. Lakini baadaye kijana mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa alisimama, kofia mkononi, akaniuliza kwa upole, "Mama Ardis, hayo ya ziwa ni mazuri, ila tuambie: utatupandishia kodi au hutatupandishia?" Nikamtazama Halvor mstari wa mbele, amevaa tai ya mazishi. Nikasema, "Mimi nikikaa kwenye kiti kile, haitaongezwa hata senti moja." Walipiga makofi mpaka nikaogopa.

Sasa wewe. Nilimuuliza Delmar. Amefungua daftari lake mbele yangu na hakuna ombi lolote kutoka kwako. Nimemwambia wewe unachelewesha kila kitu, hata kubatizwa ulichelewa kwa sababu lori la baba lilizama kwenye matope. Delmar akalifunga daftari haraka, akaniuliza habari za goti. Orlin, zimebaki wiki tatu. Watu wanaosema watanipigia kura nimewahesabu kwenye karatasi, na kila nikihesabu naanza na wewe.

Niandikie hata mistari miwili.

Ardis

---

Nordahl
8 Aprili 1998

Orlin,

Jana tumepiga kura. Mvua ya theluji, lakini watu walikuja. Delmar amehesabu mara tatu.

Marlys 388. Mimi 388.

Sheria inasema tutapigiwa bahati nasibu, Alhamisi ya wiki ijayo. Miezi minne ya kutembea nyumba kwa nyumba na goti hili, na sasa kiti kitaamuliwa kama bata mzinga wa bahati nasibu ya kanisani.

Zile kura za posta nilisimama karibu zikifunguliwa. Yako haikuwemo. Usiku sikulala, nilikuwa najiambia posta ya Arizona ni ya polepole. Niambie ukweli.

Ardis

---

Mesa
13 Aprili 1998

Ardis,

Leo sina utani.

Karatasi sikuiomba kwa sababu nisingepewa. Mimi si mpiga kura wa Nordahl tena. Mwezi wa Oktoba, siku tatu baada ya kufika, nilikwenda dukani kununua maziwa. Mlangoni palikuwa na mama na meza, anaandikisha wapiga kura, anagawa donati, yale maandazi ya tundu. Bud alikuwa ameshaniambia kwamba mtu akiwa mwenyeji wa Arizona anaokoa dola tisini kwenye leseni ya gari na kitu kidogo kwenye kodi ya pensheni. Nikasaini. Nikachukua leseni mpya ya udereva. Nikala donati.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilitaka kukuambia. Nikasema nitakuambia katika barua ijayo. Halafu kila barua yako ilikuwa na lile neno lako, "ya kwanza ninayoihesabu ni wewe", na kila nilipoishika kalamu nilikuandikia habari za machungwa.

Mimi ndiye niliyepiga meza Agosti. Mimi ndiye niliyekusukuma. Na kura moja tu, Ardis. Moja! Niliiuza kwa dola tisini na donati.

Nisamehe ukiweza.

Orlin

---

(Kadi ya posta, picha ya cactus iliyovaa kofia)

4 Mei 1998

Ardis, wiki tatu hujajibu. Niandikie hata matusi. Ulishinda au ulishindwa? Bud anauliza. O.

---

Nordahl
24 Mei 1998

Kwako wewe mwenyeji wa Arizona,

Salamu. Sisi wenyeji wa Nordahl hatujambo. Lilaki zimechanua kwako, mlangoni, na nimekata chache bila ruhusa. Paka amezaa, kwa hiyo lile jina la kiume ulilompa, Gustav, utafute jingine.

Kama unajiuliza kwa nini nimenyamaza: stempu ni senti thelathini na mbili, na kunyamaza ni bure. Nilikuwa na hasira, Orlin. Kura ilinikera, lakini kilichoniuma ni kwamba umehama nyumbani na hukuniambia. Jumatatu zote hizo nafungulia maji kwenye nyumba ya mtu ambaye si wa hapa tena, nakanyaga theluji hadi magotini, wewe unaniandikia habari za mama wa meza ya tatu.

Sasa hiyo bahati nasibu. Delmar aliandika majina yetu kwenye vikaratasi, akavitia kwenye vile vikopo vyeusi vya filamu ya kamera, kimoja mimi, kimoja Marlys, akavitupa kwenye kofia yake ya kuwindia. Marlys akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu. Delmar akafumba macho, akatoa kimoja, akashindwa kukifungua kwa kucha, ikabidi nimpe kisu changu cha viazi kutoka kwenye mkoba.

Lilikuwa jina langu. Mimi ni mjumbe wa bodi, kwa miaka mitatu. Marlys alinikumbatia, akalia kidogo, na jioni akaleta keki ya rubabi.

Kwa hiyo donati yako haikuniua. Ungeweza kuyajua haya tangu Aprili, lakini nilitaka ukaangike kidogo.

Lakini nina jambo langu na mimi, na nimeona nikuambie kabla hujazeeka kwa majuto. Ukicheka nitasikia hadi huku.

Siku ya kura niliingia kwenye kile kibanda, nikavuta pazia. Majina mawili, la Marlys juu, langu chini. Kalamu ikaanza kwenda kwenye jina langu, na nakuapia Orlin, nilimsikia mama. "Ardis, wageni kwanza." Nilijiona nanyoosha mkono kuchukua kipande cha mwisho cha keki mbele ya kanisa zima. Uso uliniwaka moto, peke yangu, nyuma ya pazia, ambapo hata Mungu ana heshima ya kutochungulia. Nikasema kura moja haina neno, na Marlys angenifanyia vile vile.

Nilimpigia Marlys.

Hesabu mwenyewe, wewe uliyeendesha lori la maziwa kwa mahesabu. Ningejipigia, ningekuwa na 389, yeye 387, na Delmar asingechafua kofia yake. Jana nilimuuliza Marlys yeye alimpigia nani. Akanishangaa. "Mimi mwenyewe, bila shaka. Wewe je?" Nikasema kahawa inachemka.

Hakuna mtu mwingine anayejua, na ukimwambia Bud nitawaambia watu wote Nordahl kuhusu kaptula.

Na jambo la mwisho. Dola tisini umezitaja mara mbili kwenye barua yako. Mimi nakujua. Hukuhama kwa dola tisini.

Ardis

---

Mesa
3 Juni 1998

Ardis, Ardis,

Nimecheka hadi nikakohoa, nikakohoa hadi Bud akaja na maji. Sijamwambia kitu. Anafikiri nina wazimu wa joto. Huku leo ni joto la kukaanga yai juu ya lori, wazee wote wameondoka kurudi kwao, tumebaki mimi na Bud na mbwa mmoja asiye na nywele.

Mgombea wa kwanza katika historia aliyejinyima kura kwa adabu! Kama wanasiasa wote wangelelewa na mama yetu, nchi isingekuwa na viongozi hata kidogo. Pongezi, mheshimiwa. Nimejivunia wewe na nimesema hivyo kwa sauti hapa kwenye trela, mbwa ni shahidi.

Umeuliza na nitajibu mara moja tu. Koti la Joyce bado limening'inia huko nyumbani, nyuma ya mlango wa jikoni. Mwaka wa pili sasa tangu tumzike mke wangu. Nikiingia nasema, "Nimefika," kama zamani, na hakuna anayeuliza kama nimepangusa viatu. Huku hakuna mahali alipokaa. Basi, ndivyo ilivyo. Dola tisini ni rahisi kuzisema.

Bwawa lao ulizamishe.

Orlin

---

Nordahl
13 Desemba 1998

Kaka Orlin,

Hujambo? Mimi hivyo hivyo. Tumekuwa na kimya tena, na safari hii ni changu. Kaa chini kama nilivyokuambia mwaka jana.

Bwawa limekufa. Kura nne kwa tatu, na ya nne ilikuwa yangu. Ningekuandikia siku ile ile, nilikuwa nimeshachukua kalamu, lakini mkutano ulikuwa haujaisha. Msimamizi wa majengo aliomba tumfuate chini ya ardhi, akatuonyesha boila linalopasha shule joto.

Orlin, boila lile ni la mwaka wa hamsini na moja. Limefungwa kwa waya na viraka, na pale lilipotoboka ameziba kwa kipande cha trei. Trei yangu ya kuokea, niliijua kwa mkunjo wake. Nikamuuliza joto linafika wapi. Akasema linafika jikoni na ofisini. Darasa la tatu mpaka la tano watoto wanaandika wamevaa makoti na glovu moja, mkono wa kalamu wameuacha wazi.

Miaka thelathini na moja nimefanya kazi jengo lile, nikitoka jasho mbele ya majiko yangu, na sikupanda ngazi hata siku moja kuuliza wao wanahisije. Nilijua kila kiazi. Sikujua hilo.

Boila jipya ni pesa, na pesa ni kodi. Wengine walinitazama, maana ahadi yangu walikuwa wote wameisikia. Nikainua mkono. Nimeipigia kura ya ndiyo, mimi, Ardis wa "haitaongezwa hata senti moja". Si bei ya bwawa, lakini ni zaidi ya senti.

Halvor hanisemeshi. Ekari zake hazitaguswa, nimempigia hesabu mara mbili, ila yeye hajali hesabu. Anasema nilimwangalia usoni siku ile nikiahidi, na ni kweli. Kanisani amehamia benchi la nyuma. Nampelekea supu, nakuta bakuli mlangoni, limeoshwa, halina neno. Inaniuma kuliko goti.

Bili yako ya kodi nimeitia humu. Imepanda dola arobaini na moja. Nimeichunguza: ukiwa Arizona utailipa yote kama kawaida, kwa sababu nyumba haijui kuhama. Ila kulalamika huwezi. Mlalamikaji lazima awe kwenye daftari la Delmar. Unalipa na kunyamaza, kaka, na nakufahamu, hilo la pili ndilo litakalokuua.

Koti la Joyce liko pale pale. Sijaligusa na sitaligusa. Siku ukitaka kulitoa tutalitoa wawili, na ukitaka libaki litabaki. Mimi kila Jumatatu nikiingia pale napangusa viatu.

Jumapili ijayo nikitoka kanisani nitakuwa peke yangu kwenye njia ile, maana Halvor sasa anazunguka nyuma. Sikuambii ili unionee huruma. Nakuambia ili unionee huruma sana.

Ardis

---

Mesa
19 Desemba 1998

Mheshimiwa Ardis, mpandisha kodi,

Dola arobaini na moja!

Nimeisoma bili nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampelekea Bud, akasema, "Ni dadako huyu?" Nikamwambia ndiye. Nilipiga ngumi kwenye meza ya trela, na meza ya trela ni ya kukunja, ikakunjika na chai yangu. Nikatafuta mtu wa kumgombeza. Hakuna. Nimezunguka uwanja mzima. Hapa hakuna mtu hata mmoja anayejua Nordahl iko wapi, wala boila, wala Delmar, wala wewe. Unaona ulichonifanyia? Nina malalamiko safi kabisa na sina pa kuyapeleka.

Basi nimeuza trela kwa Bud. Kwa bei mbaya, usiniulize. Naondoka kesho alfajiri, naendesha polepole, nitafika kabla ya Krismasi kama theluji ya Nebraska itaniruhusu. Mwambie Delmar afungue daftari lake kwenye ukurasa wa T, Tollefsrud Orlin, mwenyeji. Donati aweke mwenyewe.

Halvor niachie mimi. Nitakwenda kukaa naye kwenye barafu ya ziwa na fimbo ya kuvulia, nitakusema vibaya mchana kutwa, na akiona nimekuzidishia atachoka, ataanza kukutetea. Najua alivyo. Halafu nitampandisha kwenye ngazi za shule, tukaone watoto wakiandika wamevua makoti.

Na wewe usidhani umesamehewa. Mwaka wa elfu mbili na moja utagombea tena, na mimi nitaingia kwenye kibanda kile nivute pazia, na nitakupinga, kwa ajili ya dola zangu arobaini na moja. Kwa hiyo safari hiyo, nakuomba, jipigie mwenyewe. Kura zetu zitafutana na nyumbani patakuwa na amani.

Hita ya kwangu ipandishe kidogo, usiogope mafuta. Koti la Joyce tutaliangalia pamoja baada ya mwaka mpya, au mwingine.

Krismasi, kwenye chumba cha chini, wakianza "kula wewe, la, kula wewe", waambie wakiache kile kipande cha mwisho mahali pake. Nakuja kukila.

Kaka yako,
Orlin